Saladi Niliyowapakulia Wakwe

Niseme mapema ili msije mkanitetea bure: kosa lilikuwa langu, hakuna aliyenisukuma, na aibu niliyoipata siku ile mbele ya wakwe ilinistahili yote, kuanzia kisigino mpaka utosini. Nawasimulia kwa sababu wengi wa waliokuwepo wameshatangulia, tumebaki mimi na mume wangu, naye siku hizi hasikii vizuri (mkimwuliza atawaambia haikuwa hivyo, msimwamini).

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami binti mbichi wa miaka kumi na minane, nimetoka shule ya misheni nilikokaa miaka miwili nikifundishwa kusoma, kushona na kupika na sista mmoja wa Kizungu, mrefu, mpole, aliyeamini kwamba mboga ikiguswa na moto basi imekufa. Lori la kahawa lilinishusha Omurushaka, na njia iliyobaki mpaka kwetu Kaisho niliikata kwa miguu, sanduku kichwani, na ndani ya sanduku mna mbegu za nyanya na za majani ya saladi, na ndani ya kichwa chenyewe mna kiburi. Mama yangu alipika ndizi na maharage kama mama wote wa kwetu, chungu kimoja, moto mmoja, na ladha ambayo leo ningetoa chochote niipate tena, lakini mimi nikawa nasimama mlangoni mwa jiko namwambia, "Mama, sista anasema vitamini zote zinaondoka na mvuke." Mama akauliza vitamini ni watu wa wapi.

Sasa kulikuwa na Zakaria. Huyu alikuwa kijana wa wafugaji, watu wa nyika, upande ule unaoitwa siku hizi Songambele, akawa anakuja kusali kanisani kwetu siku za sikukuu, na fimbo yake begani mpaka mzee wa kanisa amwambie aiache mlangoni. Tulipendana, sina cha kuficha. Shida ni kwamba wafugaji wale hawakuwa na desturi ya kuoa kwetu wakulima. Walituona watu wa kucha zenye udongo, nasi tuliwaona watu wanaonuka samli. Baba yake, Mzee Katuramu, alishakataa mara mbili. Mara ya tatu akasema haya, nitakwenda nimwone huyo binti kwa macho yangu, nikitoka huko nitasema ndiyo au hapana, na neno langu halitarudiwa. Kwa hiyo mjue tangu sasa kwamba siku ile moja ndiyo ilikuwa yote.

Na jambo la pili mlijue, maana nyinyi wa siku hizi mnachanganya kila kitu. Wafugaji wale walikuwa na mwiko wa maharage na maziwa. Si kwamba hawakula maharage, walikula, lakini maharage na maziwa hayakukutana ndani ya tumbo moja. Ukila maharage unakaa mbali na maziwa mpaka tumbo lisafike, la sivyo ng'ombe aliyekamuliwa maziwa yale atavimba kiwele, atatoa damu, hata ndama wake unaweza kumkosa. Nilikuwa nimesikia, mtoto gani wa Karagwe hakusikia? Lakini Zakaria mwenyewe aliniambia kule chemchemi, kifua mbele, "Hayo ni ya mababu, sisi tumeshabatizwa." Nikamwamini. (Mwanamume aliye kwenye uchumba hata akikwambia leo ni Jumanne, ulizia kwa jirani.)

Basi, siku ikafika, kiangazi kikali, vumbi mpaka kwenye nyusi, na wageni tuliowatarajia alasiri wakafika kabla ya adhuhuri: Mzee Katuramu, mdogo wake, na Zakaria nyuma yao amebeba kibuyu cha maziwa, zawadi ya nyumba, kimefunikwa kifuniko cha kusukwa ambacho kwa uzuri wake ungeweza kukivaa kanisani. Baba akawakaribisha uani, wakapewa kahawa za kutafuna kama desturi. Jikoni hali ilikuwa hivi: maharage mapya Mama aliyainjika alfajiri, yameiva, yameshapoa, ndizi bado ziko mgombani. Mama akashika panga akaniambia, "Nakwenda kukata mkungu. Wape maji, na usiguse kitu mpaka nirudi." Akaenda.

Usiguse kitu. Aniambie mimi, mwanafunzi wa sista. Nikajiambia wageni wana njaa, jua linachoma, ndizi mpaka zimenywe na ziive ni saa nzima na zaidi, na mimi ninajua chakula ambacho hakihitaji hata kijiti kimoja cha kuni. Leo ndiyo leo, wakwe watanijua mimi ni nani. Nikayachota maharage chunguni, nikayachuja, nikayasuuza kwa maji baridi ya mtungi. Nikakata vitunguu vyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Nikachuma nyanya zangu na yale majani nyuma ya nyumba, nikayaosha, nikayachana kwa mkono (sista alisema kisu kinayaumiza). Nikakamua limau, nikatia chumvi. Nikaonja. Kilipungua kitu kimoja tu, mafuta. Sista alikuwa na mafuta ya chupa, mepesi, yanateleza. Sisi tulikuwa na samli iliyoganda, na samli kwenye majani baridi inakuwa kama nta ya mshumaa.

Jicho langu likakiangukia kibuyu. Baba alikuwa amekileta ndani kwa heshima na kukiweka juu ya nyasi mbichi. Nikafungua. Maziwa ya mgando, utando wake wa juu mzito, mweupe, unanukia moshi mtamu wa kibuyu kilichofukizwa. Nikakumbuka maneno ya Zakaria, tumeshabatizwa, nikanyosha mkono nikachukua upawa uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ni ule ule wa maharage, nikachovya mara moja, nikachovya mara ya pili. Nikachanganya na limau na vitunguu, nyanya nazo zikatoa maji yake, mchuzi ukawa na rangi ya waridi, hata wewe mwenyewe usingeujua ni nini. Nikavipakua vyote kwenye bakuli letu la bati lenye maua, lile la wageni wa heshima, nikatoka nalo uani.

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu." Akachungulia ndani ya bakuli. "Hiki ni nini?"

"Saladi, baba. Ni chakula cha Kizungu cha wakati wa jua. Ni maharage, ila hayachomi ulimi."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema kwa upole, "Vizuri. Sisi watatu tangu jana jioni hatujagusa maziwa, maana tulijua kwenu tutakaribishwa maharage."

Hebu lisikieni hilo neno. Mtu mzima, mwenye zizi lake, amelala bila maziwa na kutembea nusu siku juani ili aweze kula chakula cha kwetu bila kuvunja cha kwao. Mimi nililisikia kwa masikio yangu mawili nikadhani ananiambia wana njaa. Nikawasogezea bakuli.

Wakala. Mwanzo walikula kwa adabu, halafu wakala kweli. Mzee akasema ndama wake wakimwona anakula majani mabichi haya watamdai, mdogo wake akacheka, Zakaria akanitupia jicho la kuniambia mambo yamenyooka, na baba yangu akakaa pale kwenye kigoda amevimba kama ni yeye aliyekwenda shule. Nikawaongeza kwa upawa ule ule. Hapo ndipo Mama akatokea na mkungu kichwani. Akaliona bakuli. Akaiona rangi ile. Akaingia ndani, akatoka, uso wake umekuwa wa majivu, akasimama nyuma ya wageni mahali ambapo nilidhani mimi peke yangu namwona.

"Binti," Mzee Katuramu akasema akilamba kidole, "huu mchuzi una nini? Una uchachu ninaoufahamu."

Mama akanikonyeza. Akatikisa kichwa. Akachezesha midomo bila sauti: li-ma-u. Nilimwona vizuri kabisa, na limau lilikuwamo kweli, ningesema limau nisingekuwa nimedanganya hata nusu. Lakini mtu akiwa anasifiwa haoni hatari, nami nilitaka wajue kwamba sehemu hii sista hakunifundisha, nimeibuni mwenyewe.

"Ni maziwa yenu, baba," nikasema. "Yale mliyotuletea."

Mdogo wake akasema chini chini, "Ni ya Bihogo," na nikajua Bihogo ni ng'ombe na si ng'ombe wa hivi hivi. Mzee akayaweka chini maharage aliyokuwa ameyashika.

"Uliyachota kwa kitu gani?"

Mama akakohoa kikohozi cha mtu anayekufa. Na mimi, mliokaa hapa mnisamehe, nikainua mkono nikamwonyesha. "Kwa upawa huu, baba." Ulikuwa na harage moja limegandia pembeni.

Zakaria akainuka bila kuaga, tukamsikia migombani anatapika. Yule aliyebatizwa.

Mzee Katuramu hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alinawa, akapangusa mikono, akasema, "Mimi ni Mkristo, binti yangu. Mchungaji akiniuliza kama naogopa mambo haya, nitamwambia siogopi. Lakini Bihogo hajabatizwa." Kisha akamgeukia baba yangu akamweleza shida ilivyo: nyumbani kwake hakuna chakula kingine ila maziwa, na hata angekuwepo mtu wa kumpikia kingine, kwa hali aliyonayo tumboni hawezi kulisogelea zizi. Itabidi wakae hapa hapa mpaka wasafike. Baba akasema karibuni, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

Walikaa siku tatu. Wazee wawili na fimbo zao, uani kwetu, tangu asubuhi, wamenyamaza. Jirani wa kwanza aliyepita akarudi mbio kwake, akaja na mkungu wa ndizi na uso wa huzuni, akamwuliza Mama kwa kunong'ona ni nani aliyefariki. Alipoelezwa, akakaza uso kadiri alivyoweza, akaomba ruhusa ya kuondoka, na kicheko chake tukakisikia kabla hajafika njia panda. Ikawa kila mwenye miguu anapita kusalimia. Kule chemchemi wanawake wakaacha kuniita jina langu, wakaniita Saladi. Jumapili tulikwenda kanisani sote, sisi na wafungwa wetu, na waumini wakageuza shingo kutazama wafugaji waliotegwa na maharage, hata mzee wa kanisa safari hii hakukumbuka kumwambia Zakaria aache fimbo. Kibuyu nacho, Mzee alisema hakirudi tena kwake, kimeshaingiwa na maharage. Na mimi nilikuwa napika, moto, moto, kila kitu cha moto, Mama amenisimamia mgongoni kama askari, na kila ninapopeleka chakula nasubiri kusikia ile hapana.

Siku ya tatu akapita mtu wa kwao akaleta habari kwamba Bihogo mzima na ndama wake ananyonya. Mzee akamwita baba yangu, akataka na mimi niwepo. Nikapiga magoti. Akasema, "Huyu binti nilimwuliza mara mbili, na mara mbili alinijibu kweli, na mama yake anamkonyeza nyuma yangu. (Mama akaangalia paa.) Mke anayeficha kilichoingia kwenye maziwa anaweza kukumalizia zizi lote na usijue sababu. Huyu hawezi kunificha. Namtaka."

Baba alilia. Zakaria akapiga magoti na yeye, hakuna aliyemwambia. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao siku ile ya saladi, na hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza, maana niliolewa na sifa ambayo si yangu. Ndama kapotea, nani alilala zamu? Mwiteni mke wa Zakaria, yeye hasemi uongo. Samli imepungua, wakwe wamegombana, nani kaanza? Mwiteni. Wanawake wenzangu wa boma lile walikuwa wanaweza kusema kichwa kinawauma wakapumzika. Mimi kichwa kikiniuma kweli nilikwenda kuchota maji, kwa kuogopa wasije wakadhani. Maisha yangu yote nimekuwa mkweli kwa lazima. Saladi ile sijaipika tena, na mgeni akiniletea kitu, hata kama ni yai, namwuliza kwanza kwao kinaliwa na nini na hakiliwi na nini, na nyinyi nawaambia mfanye hivyo hivyo, kiburi cha jikoni hakina mlinzi.

Mzee Katuramu nilimuuguza mimi mwisho wake. Asubuhi moja, wanawe wote wamemzunguka, akanishika mkono akaniuliza, "Siku ile, mama yako anakukonyeza, hukuogopa?"

Nikamwambia, "Niliogopa sana, baba, ila nikaona siwezi kukudanganya."

Akawatazama wanawe kama mtu aliyeshinda kesi, akafumba macho, na wiki ile ile tukamzika. Sikuwa nimeogopa hata kidogo. Nilikuwa nangoja anisifu.