Aliyeitika kwa Jina la Danielle

Ernestine ana nyumba ya chumba kimoja uani kwetu Bwiza, hapa Bujumbura, mlango unaotazamana na wangu, lakini zamani alikuwa hakai humo. Ulipomtaka, ulimfuata hospitali. Si kwamba aliumwa. Aliuguza wagonjwa wa watu, na majirani wenye midomo mirefu walisema siku akifa hatajua aende kuzimu akiwa nani.

Lazima nieleze, maana mgeni hataelewa. Hospitali aliyokuwa akienda haimpokei mtu aliyekuja peke yake. Ukienda kulazwa, uende na garde-malade wako, mtu wa kukuogesha, kukupikia uji, kukugeuza na kukimbilia duka la dawa. Muuguzi mmoja ana vitanda vya ukumbi mzima. Hawezi kumlisha kila mtu. Hilo nalielewa. Nisichokielewa, na kinachonikera hadi leo, ni kwamba hawaulizi huyo garde-malade anaweza kufanya nini. Wanauliza: "We ni nani wake?" Na usipokuwa wa damu, wanakutazama kama mwizi wa vyombo.

Mji huu umejaa watu wasio na mtu. Kwa hiyo Ernestine, mjane kutoka Uvira mwenye mikono imara, akajifunza kusema ni dada, ni binti, ni shangazi. Alianza alipokuwa akimuuguza marehemu mumewe. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mmoja peke yake, akipewa uji na mtu yeyote aliyemhurumia. Bibi yule alimwita Ernestine "Annick". Ernestine akaitika. Bibi akafa ameshika kidole chake, akitabasamu.

"Ningemwambia mi si Annick, angepata faida gani, Mama Gaël?" aliniuliza siku hiyo. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria yake: mgonjwa akikuita, itika.

Mwanzoni niliona ni wema. Kisha siku moja tuko sokoni, saa za mchana, jua utosini, mtu nyuma yetu akaita, "Annick!" Ernestine akageuka. Aligeuka kabla ya msichana wa nyanya mwenye jina hilo kugeuka, na uso aliogeuza haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa wa mtu mdogo zaidi, mwenye furaha. Ulikaa hivyo kidogo, ukaondoka. Hakujua kama nimeona. Nilinunua vitunguu nisivyovihitaji ili nipate kuinama, na nakiri kwamba niliogopa.

Révérien aliletwa na majirani zake wa mtaa wa Kinama wakimsukuma juu ya baiskeli. Alikuwa fundi seremala, hana mke, hana mtoto, ana ugonjwa wa sukari alioupuuza mpaka mguu wa kushoto ukaanza kuwa mweusi kuanzia kidole gumba. Majirani walikuwa na kazi zao. Mmoja wao alimfahamu Ernestine, naye akaitwa. Mlangoni akaulizwa yeye ni nani wake. Akasema dada. Kitanda kikapatikana, karibu na dirisha.

Siku za kwanza Révérien alikuwa na akili zake timamu, tena mtu wa utani. Alimwita Ernestine "dada wa kukopa". Lakini kuhusu mguu hakutania. Alimwambia akiwa anamlisha, kwa Kiswahili cha hapa ambamo "ndiye" ni "njo":

"Mi natengeneza masanduku ya maiti. Najua kipimo. Inaanza kwa kichwa, inaisha kwa vidole ya muguu. Mutu anaingia muzima, tunafunga. Mi siwezi kwenda nusu. Wakitaka kukata, we njo utawaambia apana."

"Sema na dokta we mwenyewe."

"Nikisema nakataa, watanitoa kwa kitanda, niende kufia kwa barabara. Ngoja kwanza, pengine dawa itasaidia. Kama nimeshindwa kusema, we utasema. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Niapie."

Ernestine akaapa. Sijui kama ni kweli wangemtoa. Daktari wa ukumbi ule, Hugues, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, hakuwa mtu wa kufukuza wagonjwa. Lakini Révérien aliamini hivyo, na kwenye ukumbi ule wengi waliamini hivyo. Walimkubalia daktari kila kitu, kisha wakayaacha maneno yao ya kweli kwa wale waliowaosha.

Halafu homa ikapanda. Ernestine anasema ilikuja na harufu, kwanza tamu, baadaye si tamu. Révérien akaacha kumjua. Akaanza kumwita dada Danielle.

Ernestine akaitika, kama kawaida yake.

Alimuuliza Danielle kama mvua imenyesha Kinama. Alimuuliza kama amemletea ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mara nyingine alicheka, na mara nyingine alimtazama Ernestine juu ya bega lake la kulia, pale ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta uliopakwa rangi ya kijani, akaongea na ukuta. Ernestine alikuwa ameyaona mengi ya homa. Alihamisha kiti upande mwingine. Macho ya Révérien yakamfuata, yakatua tena juu ya bega lile lile.

Hugues alikuja saa sita ya mchana. Umeme ulikuwa umekatika, feni zimesimama, na ukumbi mzima ulikuwa kimya kwa joto, hata wenye kulia walikuwa wamenyamaza. Akafunua shuka, akairudisha. Akamwita Ernestine kando, lakini si mbali. Pale pale miguuni pa kitanda.

"Mama, nakuambia kweli. Leo tukikata, pengine atapona. Tukingoja kesho, atakufa. Yeye hawezi kunijibu tena. We njo familia." Akapangusa uso. "Lakini nakuuliza kwanza. Wakati akili yake ilikuwa nzuri, alikuambia kitu? Alikuwa anataka nini?"

Kijana wa watu aliuliza vizuri. Simlaumu kwa lolote. Aliuliza swali lenyewe, na mtu pekee duniani mwenye jibu alikuwa amesimama mbele yake.

Ernestine anasema alifungua mdomo aseme hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Wakati huo Révérien akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya mtoto, "Danielle, usiniache tena." Ernestine akahisi bega la kulia limekuwa zito, kana kwamba mtu amelishika ili asianguke. Akajisikia akisema:

"Hakuniambia kitu. Mukate."

Wakamkata alasiri ile.

Jioni haijaingia, mfanya usafi wa chumba cha upasuaji akatoka na fungu lililofungwa kwa plastiki na kitambaa. Akauliza nani ni wa familia ya Révérien. Ernestine akasimama. Akaambiwa hospitali inaweza kuuchoma mguu pamoja na takataka nyingine, au familia inaweza kwenda kuuzika, wengi wanauzika. Ernestine akakumbuka kipimo: kinaanza kichwani, kinaishia vidoleni. Akaomba aachiwe mpaka kesho yake, na asubuhi akaja na kitenge.

Siku zile petroli ilikuwa imepotea mjini. Magari yalikuwa yamepangwa kwenye vituo vitupu, madereva wamelala ndani. Kwa hiyo Ernestine alitembea na mguu ule mpaka Kinama, ameufunga kifuani kwa kitenge, kwa sababu mkononi ulikuwa mzito na kichwani aliona ni dharau. Watu wakampisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akamuuliza, "Mutoto amelala?"

"Amelala," Ernestine akajibu.

Yule mama akamsogeza kwenye kivuli cha mwavuli wake apumzike. Akataka kumfunua mtoto apate hewa, Ernestine akajitoa haraka, akaendelea na njia. Mbele kidogo akagundua kwamba mkono wake ulikuwa ukilipigapiga lile fungu polepole, namna ya kubembeleza, na kwamba haukuwa umeacha tangu hospitali. Aliponisimulia mahali hapo alilia. Anasema jambo lililomtisha ni kwamba lilikuwa na joto. Nikamwambia ni jua. Akasema ndiyo, ni jua.

Kinama akamkuta jirani aliyekuwa na ufunguo wa karakana ya Révérien, mzee aitwaye Bonfils. Ernestine akajieleza kama alivyozoea.

"Niko dada yake."

Mzee Bonfils akamtazama kwa muda mrefu. "Dada yake gani?"

"Danielle."

Mzee hakukasirika. Alikaa kwanza kwenye benchi lililokuwa mlangoni. "Mama yangu," akasema, "Danielle tulimuzika. Alikuwa msichana bado, hajaolewa, malaria ilimubeba. Sanduku yake Révérien alitengeneza mwenyewe, njo sanduku yake ya kwanza. Mi nilibeba upande wa kichwa."

Ernestine alikuwa amedhani Danielle yuko mahali, ameolewa mbali, au wamegombana. Wagonjwa wake wote walimwita kwa majina ya watu waliokuwa mahali fulani. Hakuwa amewahi kuuliza. Alisimama mlangoni, ameukumbatia mguu wa mtu, akiwa amesema kwa kinywa chake kwamba yeye ni marehemu.

Bonfils akamletea jembe. Hakuuliza zaidi, na mimi namheshimu kwa hilo. Ndani ya karakana, nyuma ya kitanda ambacho hakijamalizika, kulikuwa na sanduku limesimamishwa ukutani, limepigwa msasa vizuri, halina kifuniko. Mzee akaliashiria kwa kidevu.

"Ile ni yake mwenyewe. Alijipima."

Wakachimba nje, chini ya dirisha la karakana. Wakauweka, wakafukia, Bonfils akasema Baba Yetu. Katikati ya sala Ernestine akahisi bega limekuwa jepesi, kisha zito tena.

Aliporudi hospitali Révérien alikuwa macho. Homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa akitazama mahali ambapo shuka ilikuwa imelala bapa, hapana mguu chini yake. Ernestine angeweza kusema mengi. Angeweza kusema daktari aliamua. Wengi wangefanya hivyo, na Révérien angeamini. Kabla ya kumwambia lolote, Ernestine alikuja uani kwetu, akaketi kizingitini kwangu, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia anyamaze, mtu amepona, inatosha. Hakunisikiliza, akarudi hospitali.

"Ni mi nilisema wakate," akamwambia. "Dokta aliuliza kama uliniambia kitu. Nikasema hakuna. Nilikuapia, na nilikudanganya."

Révérien hakumtazama usoni. Alitazama juu ya bega lake.

"Niliwaona," akasema. "Dokta alikuwa hapa, we ulikuwa pale. Ulikuwa unatikisa kichwa, unakataa. Danielle alisimama nyuma yako na nguo yake nyeupe ya kanisa. Akaweka mukono kwa bega yako. Yeye njo alisema."

"Ni homa. Mudomo ni wangu. Mi njo nilisema."

"Mudomo ni wako, sikatai." Mishipa ya shingo ikamtoka. Ernestine anasema hajawahi kuona hasira iliyotulia namna ile. "Danielle nimemusamehe. Ni mukubwa wangu, na amekufa, hataki nimufuate haraka. Lakini we uko muzima. Nilikupa neno langu unishikie. We sijakusamehe."

"Nimesikia."

"Muguu iko wapi?"

"Kwako, chini ya dirisha. Tulichimba na mzee Bonfils."

"Bonfils amezeeka. Atatangulia." Hapo ndipo alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu homa. "Basi ni we peke yako utajua mahali. Siku nikifa, watakuuliza tena we ni nani wangu. Utasema dada. Utachimba pale, utaniwekea muguu yangu mbele ya kufunga sanduku. Usihame."

Hayo yametokea, na Révérien anaishi. Anatembea kwa magongo aliyojitengenezea mwenyewe, na karakana yake imefunguliwa. Sanduku bado limesimama ukutani. Ernestine ameacha kuuguza watu asiowajua. Anasema siku wakianza kuuliza jina lako na kazi yako badala ya ukoo wako, atarudi. Sasa anakwenda Kinama kila wiki, anafagia chini ya dirisha, anafukuza mbwa, anampikia Révérien, naye anakula bila kumshukuru. Mara nyingine anaandaa sahani mbili, mara nyingine tatu. Nilimwuliza ya tatu ni ya nani, akasema amezoea tu.

Mwanawe, Vainqueur, yuko Rumonge kwenye mawese, amejenga, ana mke na watoto ambao bibi yao hajawashika. Kwa muda mrefu mpango ulikuwa ni kwamba Ernestine ahamie huko. Hata godoro alikuwa ameshaniahidi mimi. Jumapili iliyopita Vainqueur alipiga simu tuko kizingitini tunachambua mboga za lenga-lenga, na kwa kuwa masikio ya Ernestine yameanza kuchoka, simu ilikuwa na sauti ya juu, nikasikia yote.

"Mama, unangoja nini huko? Hauna mutu Bujumbura."

Ernestine akainua mkono, akajikanda bega la kulia.

"Niko na kaka," akasema. "Akishazikwa nitakuja."