Darasa la Sola Upande wa Chara

Kanze Mwaro alikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa na wazazi wala si serikali, katika shule ndogo upande wa Chara, karibu na mto Tana. Walisoma hapo watoto wa wakulima wa Kigiriama, kama yeye, na watoto wa wafugaji wa Kiorma. Wazazi wao walisalimiana kwa sababu ya adabu tu. Mapigano ya wakulima na wafugaji ya miaka iliyopita yalikuwa yamemwachia kila mmoja kaburi lake. Kanze alimzika kaka yake.

Tableti za wanafunzi zilikuwa zimeletwa na serikali kitambo, zikawekwa stoo ndani ya maboksi yake kwa kuwa shule haikuwa na umeme. Somo la kompyuta Kanze alilifundisha kwa kuichora ubaoni. Siku moja Ikran, binti wa mfugaji aliyeitwa Dukicha, alimwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuishika. Kanze alijibu kwamba ndiyo, chuoni, mara chache. Hakulipenda jibu lake.

Akaanza kupanga. Alikwenda Garsen kuulizia paneli na betri, akatafuta fundi, kisha akaandamana na mwalimu mkuu, Bwana Gollo, hadi ofisi ya elimu. Huko walielezwa kwamba hakuna fungu la fedha kwa shule ndogo kama yao. Wakijenga chumba imara chenye mlango wa chuma na kuweka sola, tableti zitabaki. Wasipojenga, zitahamishwa.

Wakulima walikubali kufyatua matofali na kujenga. Lakini fedha taslimu zilikuwa kwa wenye ng'ombe, na hakuna Mgiriama aliyetaka kwenda kuwaomba. Kanze alikwenda peke yake, ingawa mama yake alimlilia asithubutu. Dukicha alimpa maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, nikiuza dume, hiyo mashine itakuwa ya mtoto wangu?" akauliza.

"Ya mtoto wako na ya mtoto wa jirani yako, Baba Ikran."

"Na wakija kuichukua?"

"Hawawezi kuchukua kitu mlichokitolea mali yenu."

Dukicha akauza dume lake bora, na wafugaji wengine walipoona hivyo nao wakauza. Chumba kikasimama, paneli zikapanda juu ya bati. Muhula ule Kanze alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Ikran alijifunza upesi kuliko wote, akawa anawaelekeza wa Kigiriama na wa Kiorma bila kubagua. Akina mama wa pande zote mbili walikaa barazani wakingoja simu zao zijae chaji, na kwa vile kungoja kunachosha, wakaanza kuulizana habari za watoto.

Kisha mto Tana ukafurika. Maji yaliingia mashambani, yakaingia nyumbani, yakakaribia shule. Kanze na Dukicha waliyatoa maboksi ya tableti kwa mtumbwi. Dukicha hakujua kuogelea, lakini alikaa katikati ya mtumbwi ameyakumbatia, macho ameyafumba.

Walipofika nchi kavu, afisa wa elimu aliwapongeza. Akashauri mashine zihifadhiwe katika shule kubwa iliyo kando ya lami mpaka maji yapungue. Kanze alikubali. Paneli nazo ziliteremshwa, zikafuata.

Maji yalipungua. Familia nyingi hazikurudi, na shule ikafunguliwa ikiwa na watoto wachache. Kanze alipokwenda kudai mashine, afisa hakumkaripia. Alimpa kiti.

"Mwalimu, mashine zinafuata watoto," alisema. "Watoto wenu wako wapi?"

"Na sola? Ile ni ng'ombe wa watu."

"Sola bila mashine mtaifanyia nini?"

Kanze akatoka hapo moja kwa moja hadi ile shule kubwa, amejiandaa kugombana. Kupitia dirishani aliwaona watoto wamebanana watatu watatu kwenye tableti moja, wengine wao wakiwa wamehamishwa na mafuriko yale yale. Mwalimu wao alimkaribisha, akamwambia kwamba nao walikuwa wamesubiri miaka. Kanze hakupata wa kumgombeza. Alirudi nyumbani akilia njiani, watu wakimtazama.

Alikwenda mwenyewe kumwambia Dukicha. Safari hii hakupewa maziwa.

"Uliniambia hawawezi," Dukicha alisema.

"Niliamini hivyo."

"Na mimi nilikuamini wewe."

Hakupandisha sauti. Baada ya muda mfupi alihamisha mifugo yake kwenda bara, akaondoka na Ikran. Kanze aliulizia habari za yule msichana kwa kila mchungaji aliyepita, mpaka mmoja akamjibu kwamba huko waliko hakuna shule, na kwamba Ikran anachunga mbuzi.

Mwaka uliofuata afisa alikuja kuitisha mkutano kuhusu mradi wa intaneti. Serikali itachangia, alisema, ila wananchi waanze kuchanga. Wakulima walihudhuria wachache. Kutoka kwa wafugaji hakuja hata mmoja. Bwana Gollo akamwomba Kanze asimame azungumze na watu, kwa kuwa yeye ndiye wanayemsikiliza.

Kanze akasimama.

"Mimi nilishawaomba mara moja," alisema. "Sitawaomba tena."

Akaketi. Afisa alimshukuru mwalimu kwa maoni yake, akaendelea kuueleza mradi.