Moto Uliowashwa Mchana

Mwezi wa kumi mwaka jana nilipanda tena kwetu Kilolo, kumzika shangazi. Basi lilipomaliza zile kona za mwisho nikaona moshi umesimama juu ya kilima cha pili, mweupe, umetulia. Abiria wenzangu hawakugeuza hata shingo. Mimi nilijifunika kanga hadi kichwani. Dada niliyekaa naye akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni baridi tu. Lakini wewe nitakueleza, maana mambo haya sijawahi kumweleza mtu yakaisha yote.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Ilikuwa ile miaka ya sabini tulipohamishwa kutoka mabondeni, ambako kila ukoo ulikuwa na kilima chake, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara. Tulisogezwa karibu na shule na zahanati, lakini mashamba hayakuhama. Baba alitembea karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, jembe begani.

Chini ya shamba letu kulikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi vinyungu, yaani bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Udongo wake ulikuwa mweusi, ukikanyaga mwezi wa tisa mguu unazama hadi kwenye kifundo. Wenzetu wa nchi kavu wakihangaika na dagaa na mboga za kukausha, sisi tulikuwa na mahindi mabichi, majani ya maboga, maharage ambayo bado yanatoa maji ukiyamenya. Asubuhi ukungu ulilala pale mpaka jua likaze, na vyura walipiga kelele hata mchana.

Kinyungu kilichopakana na chetu kilikuwa cha jirani, rafiki wa mama. Hakujaliwa mtoto, basi watoto wote wa kijiji tulikuwa wake. Kicheko chake ulikisikia ng'ambo ya bonde. Nikitumwa maji nilichelewa makusudi, kwa sababu alinichomea hindi kwenye kimoto chake kidogo cha bondeni.

"Kula huku unatembea," alikuwa akisema, "mama yako asije kusema nakuharibu."

Zamani, tulipokuwa tunaishi karibu na mashamba, shamba jipya lilichomwa jioni, upepo ukishalala. Kwanza watu walifyeka njia pana kulizunguka, kisha majirani wakasimama pande zote na matawi mabichi mkononi. Sasa majirani walikuwa mbali, kila mtu na safari yake. Na mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika mapema, nyasi zikivunjika ukizigusa.

Jumamosi moja nilimfuata baba shambani nikiwa nimembebea chakula. Alikuwa amefyeka peke yake siku tatu, na ile njia ya kuzuia moto upande wa juu ilikuwa bado nyembamba. Akaangalia jua. Nyumbani mama alikuwa na kichanga cha wiki moja.

"Tukingoja jioni tutafika usiku," akasema. "Tuwashe sasa. Tutausimamia."

Moto hausimamiwi na mtu mmoja na mtoto. Mwanzoni ulitambaa vizuri, ukila pale alipotaka baba. Halafu upepo ukageuka kutoka bondeni. Niliona ulimi mmoja ukiruka ile njia, ukashika nyasi za kilima, na baba akaukimbilia na tawi, akaupiga, akaupiga mpaka nyusi zikaungua. Ulikwenda juu hadi kwenye msitu wa kileleni, ukazunguka, ukashuka upande wa pili kwenye mianzi ya juu ya vinyungu. Mianzi ikianza kupasuka ni kama bunduki. Niliziba masikio nikalia.

Tulipokuwa tunarudi, baba alisimama kwenye kijito, akaninawisha uso. Mikono yake ilikuwa na malengelenge.

"Ukiulizwa," akasema bila kuniangalia, "moto tumeukuta."

Jioni ile mbuzi wa jirani alirudi peke yake, kamba imeungua nusu. Wanaume wakaenda kumtafuta mwenyewe na tochi za nyasi, baba akiwa miongoni mwao. Walimkuta amekufa kwenye mianzi. Angebaki kwenye tope la kinyungu chake asingeungua, walisema wote, lakini alikuwa amepanda kuwafungua mbuzi wake.

Tulimzika. Katekista alisali, wanawake walipika ugali mkubwa uani kwa marehemu. Watu walisema ni moto wa walina asali. Baba aliitikia kwa kichwa. Mama alimwangalia mikono, kisha akaipaka asali na mafuta.

Siku ya nne mgambo walileta mtu. Alikuwa mlina asali wa kijiji cha jirani, mzee mkimya aliyezoea kutupatia masega sisi watoto. Walimfunga mikono kwa kamba ya katani wakamfungia kwenye ghala la kijiji. Alikuwa akirudia neno moja tu, "Sikupita huko, sikupita huko." Baba alikuwa anakula. Aliweka tonge chini, akanishika mkono, tukaenda kwa mume wa marehemu. Alikuwa amekaa kizingitini.

"Kaka," baba akasema, "ule moto ni wangu."

Mume wa marehemu hakuinuka. "Najua. Niliwaona mkirudi. Mtoto ulimnawisha uso, lakini gauni lilikuwa na majivu hadi kwenye pindo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uje mwenyewe. Ningekungoja mpaka kesho. Kesho ningekwenda kumfungulia yule mzee wa watu."

Baba akapiga magoti. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia kwa sauti. Mwenye nyumba alimwacha alie, muda mrefu, kisha akaniambia mimi, "Nenda kwa mama yako, kichanga kinalia."

Baba alikwenda kujisema barazani, na mlina asali alifunguliwa jioni hiyo. Hakutupatia masega tena, na sikumlaumu. Baraza la kijiji lilimwamuru baba alime shamba la mume wa marehemu na arudishe miti kwenye kilima.

Mvua zilichelewa, na zilipokuja zilikuja kwa hasira. Kilima hakikuwa na nyasi wala majani ya kuzishika. Usiku mmoja kilishusha tope jekundu na mawe, na asubuhi vinyungu vyote vilikuwa vimefunikwa. Chemchemi ilibaki, lakini ilitoka kama mtu anayekojoa kwa maumivu.

Bwana miti alileta miche ya milingoti, yaani mikaratusi. Alisema inakua haraka na itashika udongo. Baba aliipanda kuzunguka chemchemi, mche kwa mche, na kiangazi kizima tulibeba maji kwa madebe kuinywesha. Hakuna hata mmoja uliokufa. Watu walimsifu. Ile milingoti ilipopita urefu wa nyumba, chemchemi ikapungua. Nilipomaliza darasa la saba, ilikuwa unyevu tu kwenye jiwe. Hatukujua kwamba mti ule unakunywa maji hivyo. Baba alikwenda na shoka, akakata miwili, akakaa chini. Mume wa marehemu ndiye aliyemfuata na kumrudisha nyumbani. Walizeeka wakitembeleana kila Jumapili, na sikuwahi kuwasikia wakitaja jambo hilo. Baba alikufa ana makovu kwenye viganja.

Baada ya kumzika shangazi nilishuka bondeni peke yangu. Siku hizi mvua za kwanza watu wanazingoja mpaka Krismasi. Udongo ni mwekundu na umepasuka, hakuna chura. Nilikuta kijana anakata milingoti ya nguzo, kijana mwenye adabu, akaweka msumeno chini akaniamkia.

"Unatafuta nini huku, mama?"

"Chemchemi," nikamwambia. "Ilikuwa hapa, na vinyungu hadi kule chini."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, kwa nia ya kunisaidia kweli.

"Labda umekosea bonde, mama," akasema. "Hapa hapajawahi kuwa na maji."