Chatu wa Kibanda cha Maharage

Mama mkwe wangu alifuga chatu. Semeni mnavyotaka, mimi niliishi naye ua mmoja. Alikaa kwenye kibanda cha maharage na kazi yake ilikuwa panya. Mama mkwe alimwokota shambani akiwa bado mwembamba kama mkanda, akamlea. Nilipoolewa kijijini Muyama, miaka ile ya sabini, nikitokea Kibondo mjini ambako baba alikuwa na duka, hakuna aliyenidokezea. Asubuhi ya kwanza namwona mama wa watu amepiga magoti mlangoni pa kibanda, anapiga makofi taratibu namna Waha wanavyoamkiana, anasema mwakeye, mwakeye, kisha anasubiri. Nikauliza nani yumo ndani. Akaniambia ni mwenzetu. Nilipochungulia, nilitimua mbio mpaka nje ya uzio.

Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mkonge. Anakuja mara moja kwa mwaka, ananiachia mimba, huyo anaondoka. Mbili zilikuwa zimeharibika, zikiwa kubwa kiasi cha kuzikwa. Ya tatu iliposhika, chatu naye akataga. Mama mkwe alifurahi mno. Kwao, aliniambia, mwenye mimba na mnyama anayeatamia kwenye ua mmoja safari yao ni moja: mayai yakiharibika, mtoto naye haponi. Kwa hiyo mtu asiyaguse, asiyasogeze, amwachie mwenyewe ayalee. Nilichukia kweli kweli. Mtoto niliyemwomba Mungu kwa machozi, eti amefungwa na mayai ya nyoka! Lakini aliyekwisha kuzika wawili habishani, na mimi sikubisha.

Mwanzoni chatu alijiviringisha juu ya mayai yake, hatoki hata kula. Halafu jua la kiangazi lilipokolea akaanza kutoka. Umande ukikauka anakuja uwanjani tunapopuria maharage, anajinyoosha juani, kivuli hakitaki kabisa. Na rangi ikabadilika. Yale madoa yake ya kahawia yakafifia, akawa mweusi tii kama chungu cha siku nyingi. Mchana kutwa mayai yako peke yake, na kibandani mle mna baridi.

Mama mkwe akaacha kumwamkia. Nikaona ameacha pia kulitazama tumbo langu. Akizungumza nami macho yako ukutani. Siku moja nilikwenda nyuma ya nyumba kukata majani ya mgomba, nikamkuta amechimba shimo dogo, kingo zake kazisawazisha vizuri, kando ya yale makaburi mawili. Nikamuuliza la nini. Akasema la mayai. Mtoto akanicheza tumboni saa ileile. Nikalishika tumbo kwa mikono miwili, nikarudi ndani bila majani.

Jioni yake alikuja na chungu cha majivu ya moto, akaniita nimshikie. Alitaka kuyahamishia mayai jikoni, kama tulivyofanya kwa mayai ya kuku aliyebebwa na mwewe. Mwenyewe ameyakataa, alisema, basi tutayalea sisi. Tukaingia kibandani. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye yai la kwanza niliposikia kitu kinanipita mguuni.

Chatu alikuwa anaingia, taratibu, mzito, juu ya unyayo wangu, na hakuwa wa baridi. Nyoka ni baridi, kila mtu anajua. Huyu alikuwa na joto la mtu mwenye malaria. Akatupita kama vile hatupo, akajizungusha kwenye mayai, akatulia. Nikamwambia mama mkwe amguse. Akasita. Nikamshika mkono, mimi mkwe, nikauweka mwenyewe juu ya ule mwili.

“Hakuyaacha,” akasema. “Alikwenda kuyachukulia jua.”

Tukatoka na chungu chetu. Kesho yake alilifukia shimo.

Mayai yalianguliwa kabla ya mvua. Vitoto vilitambaa kibandani kutwa, na jioni vikarudi kulala juu ya mama yao, naye anaviletea joto vilevile. Siku hizohizo uchungu ukanishika, miezi haijatimia. Mtoto alikuwa njiti, wa kiume, ngozi baridi, kulia kwa shida, kunyonya hawezi. Hospitali iko Kasulu, safari ya kubebwa kwa machela, na mama mkwe alisema baridi ya njiani itammaliza. Tuliwasha moto, moshi ukamkaba. Nilimlaza kifuani, lakini mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka kwa damu niliyopoteza. Nilijua anaondoka.

Asubuhi mama mkwe alitoka uwanjani, akavua nguo, akabaki na kitambaa kiunoni. Mbele ya mkwewe, jamani. Akalala juani, na chatu amelala palepale, hatua chache kutoka alipo. Baadaye akaingia mwili unaunguza, akamchukua mtoto, akamlaza tumboni pake na kumfunika. Joto likipungua ananirudishia, anatoka tena. Ikawa hivyo kila siku. Jirani aliyekuja kunipa pole aliishia kwenye uzio, akageuza. Sikumlaumu. Hata mimi, nikiwatazama kutoka mlangoni, mwanamke mzee na nyoka, hakuna anayesogea, nilishikwa na hofu. Nilikuwa sijui tena ni yupi kati yao anayeingia kumchukua mwanangu.

Nilipopata nguvu za kusimama, ngozi ya mama mkwe ilikuwa inabanduka mabegani. Nikamwachia mtoto, nikaenda uwanjani, nikavua kanga, nikalala kifudifudi, uso nimeuficha mikononi nisimwone chatu. Nilimsikia anavyopumua. Meno yalikuwa yananigongana, na jua lote lile.

“Geuka, mwanangu,” mama mkwe akaniambia kutoka mlangoni. “Tumbo ndilo atakalolalia mtoto.”

Nikageuka. Chatu alikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Nikabaki hapohapo, macho kwa macho naye, mpaka ngozi ya tumbo ikaanza kuniwasha.

Jioni ile mtoto alinyonya mpaka maziwa yakamtoka puani.