Mwanga wa Begani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Fundi Mkuu wa studio, pale kata ya Bagamoyo hapa Tukuyu, alinikalisha kwenye kigoda mbele ya pazia jeusi, akawasha taa moja usoni pangu, akapiga picha. Kisha akawasha taa ya pili, ndogo, aliyoificha nyuma yangu upande wa kushoto, akapiga tena. Akanionyesha picha hizo mbili zikiwa bado zinachuruzika maji. Kwenye ya kwanza uso wangu ulielea peke yake. Nywele na mabega vilimezwa na pazia. Kwenye ya pili, mstari mwembamba wa mwanga ulipita juu ya nywele, ukashuka shingoni hadi begani. Nilikuwa msichana mwenye mwili, aliyekaa mahali fulani duniani.

"Umeona?" akasema. "Taa ya mbele inaonyesha sura. Taa ya nyuma inamtoa mtu gizani. Ukiisahau hiyo, umepiga picha ya pazia."

Ninyi vijana mnaonunua taa zenu mtandaoni, nawaambia tulivyofanya. Mtu tulimkalisha mbali na pazia, ili mwanga wa mbele usimwagikie kitambaa na kukigeuza kijivu. Taa ya nyuma tuliizungushia karatasi ngumu, isichungulie kwenye lenzi ikatia picha ukungu. Na ngozi nyeusi kama yetu hatukuimulika moja kwa moja. Mwanga ulikuja kwa pembeni, ukateleza shavuni, ngozi yenyewe ikang'aa. Hayo ya mwisho niliyashika vizuri Mbeya mjini, nilikohamia baadaye, chini ya Meneja mmoja mama mkali ambaye kila siku alinipigia kelele: "Usimmulike mteja kama unamtafuta mwizi!"

Niliporudi nyumbani nilifungua studio yangu Msasani, hapa hapa Tukuyu. Filamu zikaondoka, kamera za kidijitali zikaingia, mimi nikabaki na taa zangu mbili.

Nilikuwa nimeshaanza kuwaaga wateja nistaafu, akaja dereva mmoja wa lori la ndizi kutoka Kinyala. Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati ya kule tangu yeye mtoto, na sasa zahanati ilitaka kutundika picha yake ukutani.

"Shida ni kwamba hataki," akasema. "Zamani walipigwa picha ya pamoja na wauguzi wenzake. Kwake yakaonekana meno na kofia tu. Watu wakaicheka ile picha mbele yake. Hajasimama tena mbele ya kamera. Sisi watoto wake hatuna picha yake hata moja."

"Sasa mimi nitafanyaje?"

"Nimemwambia wewe ni mama mwenzake. Amesema uje. Hajaahidi kingine."

Tulipofika, umeme ulikuwa umekatika, na taa zangu zilikuwa za umeme. Mama mwenyewe tulimkuta jikoni, nyumba ndogo ya pembeni, amekaa karibu na moto kwa ajili ya baridi. Kuta zilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Gauni lake jeusi, kilemba cheusi. Alikuwa bado anamwombolezea mumewe.

"Shikamoo, mama. Tunaweza kutoka nje kidogo, kwenye mwanga?"

"Marahaba. Miguu haitaki," akajibu. "Nguo sibadili, na poda usinipake. Ukinipiga, unipige mimi."

Nilimsogeza kidogo mbali na ukuta, nikamgeuza uso kuelekea mlangoni, nikapiga ya kujaribu. Macho yalitoka vizuri, shavu pia. Kilichobaki chote kilizama ukutani. Niliifuta haraka kabla hajaomba kuiona. Nikainua macho juu, nikaona paa.

"Mwanangu," nikamwambia yule dereva, "lile bati la nyuma yake linang'oka?"

Akatazama nje. Mlima Rungwe ulikuwa umeshafunikwa, wingu linateremka kwetu. "Mvua hiyo, mama. Na mgonjwa wa miguu yumo ndani."

"Ling'oe," mama yake akasema. "Jiko ni langu."

Akapanda. Misumari ikalia. Majirani, wanawake waliokuja kututazama, walikuwa wakiongea na kucheka pale dirishani. Bati likasogea, mwanga ukashuka kupitia moshi ukiwa umenyooka, ukatua juu ya kilemba, ukafuata ukingo wa sikio, shingo, bega, mpaka kwenye kiganja alichokilaza pajani. Kicheko kikakatika. Ukuta ulibaki mweusi vilevile, lakini mama yule alikuwa ameachana nao kabisa. Nimewasha taa za nyuma maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilisahau kubonyeza. Mwanawe ndiye aliyeniita kutoka juu: "Mama, matone hayo!"

Nikapiga. Bati likarudishwa mvua ikianza kumwagika.

Nilimpa mama kamera aitazame picha. Aliishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akaisogeza karibu na macho. Kisha akawageukia wanawake.

"Ninyi niliowazalisha. Hivi ndivyo mlivyokuwa mnaniona?"

Mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akajibu polepole, "Ndivyo, mama. Siku zote."

"Ndaga fijo," akaniambia kwa Kinyakyusa chetu, asante sana. Na kamera hakunirudishia mpaka chai ilipokwisha.

Picha ile ipo zahanati. Mimi nimestaafu, macho hayapimi tena mwanga kama zamani, na simu zenu zinajua mengi nisiyoyajua. Nilimpigia mama yule kumwambia nimefunga studio. Akacheka. "Mimi nilistaafu zamani, lakini mtoto akitaka kuzaliwa, wananiita. Pasaka njoo unipige na wajukuu."

Nilikwenda. Nilimkuta ameshakaa jikoni, uso ameuelekeza mlangoni, anawapanga wajukuu mbali na ukuta.