Mkono wa Bibi Uliogoma Kulegea

Bibi alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Ujiji, mkono wake nimeushika mimi. Ulikuwa laini kama matonge ya ugali wa muhogo.

Adhuhuri walipokuja wanawake wa kumwosha, wakaniruhusu niingie, maana ndimi niliyekuwa nikimuogesha tangu augue. Nikajaribu kuuinua mkono uleule. Haukuinuka. Ulikuwa umekaza, vilevile alivyokuwa akiukaza nikitaka kumkata kucha.

"Yuko hai!" nikapiga kelele. "Amekaza mkono! Msimzike!"

Ndoo ikamponyoka mmoja, maji yakatapakaa. Mwoshaji, jirani yetu mtu mzima, akanifokea: "We mtoto, usitutie kiwewe!"

Lakini mimi nilishafika mbali kimawazo. Nilishamwona bibi kibarazani, akichambua dagaa na kunitania kwamba mwanamume ninayemtaka bado hajazaliwa.

Mama mdogo, ambaye ni nesi huko Gungu, akamgusa shingoni. Akatafuta mapigo, kisha akanigeukia.

"Hayupo, mwanangu."

"Mbona amekaza?"

"Ndani ya msuli kuna seli, na ndani ya seli kuna vinyuzi vidogo, jicho halivioni. Vikishikana na kuvutana, msuli unakaza. Ili viachiane, seli inahitaji nguvu, ile inayotokana na chakula na pumzi. Pumzi imekatika, nguvu imekwisha. Vimebaki vimeshikana."

Nikapigwa na butwaa. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilijua kukaza ndiyo kazi, kulegea ni kupumzika tu. Kumbe hata kuachia kunataka nguvu! Kumbe jioni zile zote, bibi akitoka kukamua mawese, mkono wake umelala mapajani mwangu kama kitambaa, ndani yake kulikuwa na kazi inaendelea. Na mimi nilidhani umelala.

"Lete maji ya uvuguvugu," mwoshaji akasema, safari hii kwa upole. Akamwagia kiwiko, akakisugua taratibu, akakikunja na kukikunjua. Akanipa vidole nivisugue mimi. Nikavisugua kimoja kimoja, nikiwa bado naviangalia kwa matumaini, msinicheke.

Mkono ukalegea.

"Mama mdogo, ameachia! Si ameachia mwenyewe?"

Akanishika bega.

"Hapana, mwanangu. Tumemwachisha sisi."

Hapo ndipo nilipolia.