Kilo Mia Mbili na Nane

Mimi ni muuza nyama, na mtaani wananiita Mzani. Jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa sikulikataa. Mteja akitaka kilo moja na nusu, nakata kipande mara moja tu, nakiweka kwenye mizani, na mshale unasimama pale pale. Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na saba. Watu hupiga makofi, nami hujifanya sisikii, huku kichwa kinavimba. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa mpaka tembo likaisha, yakabaki maji matupu.

Mwaka huu nilikwenda na mke wangu kwenye maonyesho ya kilimo ya mkoa. Yeye alikuwa na sababu moja tu ya kwenda. Redio ilitangaza kwamba banda la mifugo litatoa ng'ombe wa maziwa kwa mtu atakayekisia uzito wake kwa karibu zaidi. Mke wangu amekulia zizini, amekamua tangu anaota meno ya pili, na tangu nimwoe ameniomba kitu kimoja bila kuchoka: ng'ombe wake mwenyewe. Kila mara nimemjibu mwaka ujao. Mara mbili nilileta ng'ombe nyumbani nikamwambia huyu ni wako, na mara zote mbili wiki haikuisha kabla sijamtundika kwenye ndoano, kwa sababu wateja walikuwa wengi. Sina la kujitetea.

Tulipita mabanda haraka haraka. Tuliona boga lililobebwa na wanaume wanne kwa machela, tukaonja asali mpaka vidole vikanata, tukasikiliza nusu ya wimbo wa kwaya ya wakulima uliosifu mbolea. Mke wangu alikuwa ananivuta mkono. Banda la mifugo lilikuwa mwisho kabisa, na ng'ombe mwenyewe alikuwa nyuma ya kamba, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni, anatafuna bila habari na mtu.

Sharti lilikuwa kila nyumba kadi moja. Msimamizi alitueleza kwamba mwaka uliopita familia moja ilijaza kadi arobaini, zikiwemo za marehemu. Akatoa kadi na kalamu. Mke wangu akanyoosha mkono, lakini mimi nikamuwahi.

"Nani muuza nyama hapa?" nikamuuliza.

Alimzunguka yule ng'ombe kwa nje ya kamba, akamtazama mbavuni, akamtazama nyuma, akainama kuangalia kiwele. Kisha akaja akaninong'oneza niandike mia nne thelathini. Nikamhurumia. Nikamweleza, kwa sauti ya kutosha ili na wengine wafaidike, kwamba mtu asiye na uzoefu hudanganywa na ngozi. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikafumba jicho moja, nikapima: paja, paja, mikono miwili, mbavu, shingo, sarara. Wateja wangu wawili walikuwa hapo, wakanipisha kwa heshima. Nikaandika 208. Wakachungulia kadi yangu, mmoja akaandika 207 na mwenzake 209.

Saa nane mchana ng'ombe akapandishwa kwenye mizani mbele ya umati. Mtangazaji akasoma kilo mia nne thelathini na mbili.

Nilisema mizani imeharibika, tena sikunong'ona. Msimamizi, mtu mpole, akaniuliza 208 nimeipataje. Nikamhesabia kwa vidole kuanzia mapaja hadi sarara. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kichwa nimekiweka wapi. Sikuwa nimekiweka popote. Wala ngozi, wala kwato, wala matumbo. Ng'ombe alikuwa hai, amesimama mbele yangu anapunga mkia, nami nilikuwa nimeshamchinja, nimemchuna na kumtundika. Msimamizi aliona habari hiyo ni nzuri mno kukaa nayo peke yake, akampa mtangazaji, na mtangazaji akaigawa kwa umati wa watu elfu mbili kupitia kipaza sauti.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ng'ombe alichukuliwa na fundi cherehani aliyeandika 425, ambaye alikiri kwamba hiyo ni namba ya sanduku lake la posta. Wateja wangu wakaondoka bila kuniaga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyumbani kwetu sasa najua mkuu ni nani.

Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Ningependa acheke. Nikamwambia, bado najikakamua, kwamba ile mia nne thelathini yake ilikuwa bahati tu.

"Si bahati, baba watoto," akasema. "Mimi nilimwangalia ng'ombe. Wewe uliangalia nyama. Tena ana mimba huyu. Ndama umemtupa pamoja na matumbo."

Akamwomba fundi cherehani ruhusa, tukapita chini ya kamba. Akanishika mkono huu, ambao umeingia ndani ya ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu, akaubandika ubavuni kulia, kwa chini. Watu walikuwa bado wananicheka. Nikasubiri. Kisha kitu kikanigonga kiganjani kutoka ndani, mara mbili.

Niliona aibu, na haikuwa ile ya kipaza sauti. Nikageuka nimwombe mke wangu msamaha, lakini hakuwa na nafasi ya kunisikiliza. Alikuwa anamwelekeza fundi cherehani: amlishe nini miezi hii miwili iliyobaki, amkaribie kutoka upande gani, siku za kwanza asimkamue kwa pupa. Fundi alikuwa anaandika kwenye karatasi ya vipimo vya nguo. Sijawahi kumsikia mke wangu akiongea kwa muda mrefu namna ile, uso wake umechangamka, mkono wake uko shingoni mwa ng'ombe, na ng'ombe alikuwa wa mtu mwingine.